Kufunga Tairi Nyembamba Kwenye Baiskeli ya Milima: Hatua kwa Hatua, Nyumbani

Maswali haya yananifikia kila mara, na karibu yote yanatoka kwa watu wa aina moja: mtu ana baiskeli ya milima yenye tairi pana za meno makubwa, lakini safari zake zote ni za lami. Tairi zinavuma barabarani, miguu inachoka, na wenzake wanamwacha. Anauliza: naweza kufunga tairi nyembamba bila kubadilisha ringi? Ninunue namba gani? Tyubu za zamani zitafaa? Kwa nini tairi jipya limekataa kuingia?

Jibu la kwanza ni ndiyo, unaweza, na huhitaji fundi. Ukiwa na mikono miwili na subira, magurudumu yote mawili ni kazi ya saa moja na nusu kwa anayeanza. Wanaokwama hukwama sehemu mbili tu: walinunua tairi la namba isiyo yake, au walitumia nguvu pale ambapo ukingo wa tairi ulihitaji kupewa nafasi. Kwa hiyo sehemu hizo mbili nitazieleza kwa kirefu, nyingine nitapita haraka.

Jambo moja ulijue kabla hujatoa pesa. Wepesi mwingi utakaousikia hautokani na wembamba wa tairi. Unatokana na kuondoa meno. Meno marefu ya tairi la milima yanajikunja na kujinyoosha kila yanapogusa lami, na nguvu ya miguu yako inaishia humo. Tairi laini la upana wa wastani litakupa karibu faida yote, na bado litakulinda kwenye mashimo na kokoto. Ndiyo maana ninawashauri wengi waishie kwenye upana wa inchi 1.5 au 1.75, wasikimbilie jembamba kuliko yote.

Soma namba kwanza

Pembeni mwa tairi lako la sasa kuna namba zilizochongwa kwenye mpira. Futa vumbi, tafuta zile zilizoandikwa kwa mtindo huu: 54-559. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali ukingo wa tairi unapokaa kwenye ringi, nacho pia ni kwa milimita. Upana unaweza kuubadilisha. Namba ya pili haibadiliki kamwe, maana hiyo ni ya ringi.

Baiskeli ya milima ya inchi 26 ina 559. Ya 27.5 ina 584. Ya 29 ina 622, ambayo ndiyo hiyohiyo ya baiskeli za barabarani zinazoandikwa 700C, kwa hiyo mwenye 29 anaweza kununua tairi la 700 x 38 au 700 x 40 na likakaa bila tatizo, mradi ringi yake si pana mno.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Inchi za desimali na inchi za sehemu si kitu kimoja. Tairi la 26 x 1.5 ni la 559. Tairi la 26 x 1 1/2 ni la 584. Ukiyapiga hesabu ni upana uleule, lakini kipenyo kinatofautiana kwa milimita 25. Mimi mwenyewe niliwahi kurudi nyumbani na tairi la aina hiyo ya pili, nikashinda asubuhi nzima nikishangaa kwa nini linacheza kwenye ringi kama bangili kubwa kwenye mkono wa mtoto. Muuzaji aliniambia "inchi 26 ni inchi 26", nami nikamwamini. Tangu siku hiyo sinunui tairi kabla sijaona 559 kwa macho yangu.

Kisha pima ringi. Upana unaotakiwa ni wa ndani, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine pale ukingo wa tairi unapokaa. Mara nyingi umeandikwa kwenye ringi yenyewe, kwa mfano 559x19, maana yake milimita 19. Mimi hufuata kanuni rahisi: tairi lisiwe jembamba kuliko mara moja na nusu ya upana huo wa ndani. Ringi ya 19 inabeba vizuri tairi la 32, 38 au 40. Lakini ringi pana za kisasa za milimita 30 zinahitaji tairi la angalau 45. Ukilazimisha la 32 humo, tairi linatanuka na kuwa bapa, kuta zake zinakosa kinga, na shimo la kwanza barabarani litagonga ringi moja kwa moja.

Vitu vya kuandaa

- Matairi mawili yenye namba ya pili sawa na ya ringi zako.
- Tyubu mbili zinazolingana na upana mpya. Kwenye boksi la tyubu huandikwa kiwango, kwa mfano 26 x 1.25–1.75. Tyubu ya zamani ya tairi pana itajikunja ndani ya tairi jembamba, na pale kwenye mkunjo ndipo itakapotoboka. Hakikisha pia valvu ni ya aina ileile: tundu la ringi la milimita 6.5 ni la valvu nyembamba, na valvu nene kama ya gari, inayohitaji tundu la milimita 8.5, haitapita.
- Leva mbili au tatu za plastiki za kufungulia tairi.
- Pampu yenye geji. Kwa tairi jembamba, kubonyeza kwa kidole gumba hakutoshi.
- Spana, kama magurudumu yako yamefungwa kwa nati. Mara nyingi ni namba 15.
- Kitambaa, na maji kidogo yenye sabuni.

Bisibisi iache kwenye sanduku. Najua inavutia, iko karibu na ni ngumu. Lakini ncha yake inatoboa tyubu na kukwaruza ringi, na tundu lake hulioni hadi umeshamaliza kazi yote.

Kazi yenyewe

Anza na gurudumu la mbele. Halina cheni wala gia, na makosa ya kujifunza ni afadhali uyafanyie huko.

1. Legeza breki, toa gurudumu. Kama breki zinabana ringi kwa pembeni, bana mikono yake miwili kwa mkono mmoja, chomoa kile kibomba cha waya kilichopinda, breki zitafunguka. Kama ni za diski, huna cha kulegeza. Toa gurudumu, kisha chomeka kipande cha kadibodi katikati ya pedi. Usiminye breki wakati diski haipo, pedi zitakutana na kuzitenganisha ni shida. Diski yenyewe usiishike kwa vidole vyenye mafuta.

2. Toa upepo wote. Bonyeza valvu huku ukikandamiza tairi, hadi hakuna kinachotoka. Kama valvu ina nati inayoishikilia kwenye ringi, ifungue.

3. Bandua ukingo. Tairi lililokaa muda mrefu linashikamana na ringi. Lishike kwa mikono miwili, sukuma ukingo kuelekea katikati, zunguka gurudumu lote, kisha fanya hivyohivyo upande wa pili. Tazama ringi kwa makini: katikati kuna bonde. Pembeni, ukingo unapokaa siku zote, kipenyo ni kikubwa. Bondeni ni kidogo. Ukingo una waya au uzi mgumu usiovutika, kwa hiyo nafasi yote unayoihitaji kulitoa na kulirudisha tairi inatoka kwenye bonde hilo. Asiyejua hili anapigana na tairi. Anayejua analitoa kwa vidole.

4. Ingiza leva karibu na valvu. Hakikisha ukingo wa upande wa pili wa gurudumu umeshuka bondeni. Ingiza ncha ya leva chini ya ukingo, si ndani sana, tyubu iko hapo. Inua, funga mkia wa leva kwenye spoku. Ingiza ya pili umbali wa kiganja kimoja, inua. Ukiona ukingo umelegea, telezesha leva kuzunguka gurudumu lote.

5. Vuta tyubu, kisha toa upande wa pili wa tairi kwa mkono. Tairi la zamani lifute na ulitunze. Siku utakayotaka njia za matope utalihitaji.

6. Kagua ringi ikiwa tupu. Pitisha kidole taratibu kwenye utepe unaofunika vichwa vya spoku. Tairi jembamba linabeba upepo mkali zaidi, na utepe uliochakaa au uliosogea utaiacha tyubu isukumwe ndani ya matundu ya spoku hadi ipasuke. Ukikuta tundu liko wazi, badilisha utepe leo, usiseme utafanya baadaye.

7. Vaa ukingo wa kwanza wa tairi jipya. Tafuta mshale wa mwelekeo pembeni mwa tairi, uelekee gurudumu linakozungukia ukienda mbele. Maandishi makubwa ya tairi yaweke pale penye valvu, siku ya pancha yatakusaidia kulinganisha tundu la tyubu na sehemu ya tairi yenye mwiba. Ukingo huu wa kwanza unaingia kwa mikono bila leva.

8. Ipe tyubu upepo kidogo, kiasi cha kupata umbo la duara tu, kama soksi iliyovaliwa. Tyubu isiyo na upepo inajisokota na kuingia chini ya ukingo. Pitisha valvu kwenye tundu, ikae wima, kisha ilaze tyubu ndani ya tairi pande zote.

9. Vaa ukingo wa pili, ukianzia mbali na valvu. Weka gurudumu mbele yako, valvu ikiwa karibu na tumbo. Anza upande wa mbali, sukuma ukingo ndani kwa vidole gumba, mkono mmoja ukishuka kulia na mwingine kushoto, hadi vikutane kwenye valvu. Unamalizia kwenye valvu kwa sababu pale kitako chake kinaziba bonde na ukingo hauwezi kushuka. Ukipaacha mwisho, sehemu nyingine yote inaweza kuwa bondeni.

Kiganja cha mwisho kitakuwa kigumu. Hapo ndipo watu wanapokimbilia leva, na ndipo tyubu mpya inapokatwa kabla haijafika barabarani. Subiri. Rudi upande wa mbali, bana kuta za tairi kwa viganja ili ukingo ushuke bondeni, na huku unabana vuta mikono kuja upande wa valvu, kama mtu anayekamua utumbo wa mbuzi. Fanya mara mbili, mara tatu. Kila mzunguko unakuletea milimita chache za ulegevu. Kisha tumia nyama ya kiganja, chini ya kidole gumba, usukume ukingo kipande kwa kipande. Ukisikia "tap" laini, umeingia. Likiwa bado linakataa, paka maji ya sabuni kwenye ukingo.

10. Sukuma valvu ndani, kisha ivute nje. Kitendo cha sekunde moja. Kinatoa tyubu iliyobanwa chini ya ukingo pale kwenye kitako cha valvu.

11. Kagua pande zote mbili kabla ya pampu. Sukuma tairi pembeni kwa kidole, chungulia kati yake na ringi, nenda mzunguko mzima. Hupaswi kuona tyubu mahali popote. Nalisisitiza hili kwa sababu moja. Kuna jioni niliona kipande cha mpira mweusi, chenye upana wa ukucha, kikichungulia kama ulimi kati ya tairi na ringi. Nikadhani ni kivuli, nikaendelea kupampu. Uvimbe ukatokea pembeni mwa tairi, ukakua kama yai, na kabla sijafikisha mkono kwenye valvu tyubu ikalipuka karibu na uso wangu. Masikio yalivuma hadi usiku. Mpasuko ulikuwa mrefu kuliko kiganja, haukuzibika kwa kiraka chochote.

12. Jaza upepo kwa awamu. Fika psi 15 (psi ni kipimo cha upepo kinachosomeka kwenye geji), simama. Karibu na ringi, pembeni mwa tairi, kuna mstari mwembamba unaozunguka. Zungusha gurudumu utazame: umbali kati ya mstari huo na ringi uwe sawa mzunguko wote, pande zote mbili. Palipozama, toa upepo, kanda tairi kwa mikono, anza tena. Ukiwa sawa, endelea hadi kiwango nitakachokitaja hapo chini.

13. Rudisha gurudumu, funga breki. Ekseli ikae hadi mwisho wa makucha ya uma unaoshika gurudumu, kaza, kisha rudisha kile kibomba cha breki. Minya breki mara kadhaa kabla hujapanda. Watu makini kabisa wamesahau kibomba hicho na wakagundua kwenye mteremko.

14. Gurudumu la nyuma ni kazi ileile, ila kwanza peleka cheni kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma. Vuta kigeuza gia kuelekea nyuma kwa mkono mmoja, gurudumu litashuka lenyewe. Wakati wa kurudisha, laza cheni juu ya gia ileile ndogo, ingiza ekseli, hakikisha gurudumu liko katikati ya fremu, kaza.

Upepo kiasi gani

Tairi jembamba lina nafasi ndogo ya hewa, kwa hiyo linahitaji psi nyingi zaidi kubeba uzito uleule. Aliyezoea psi 30 au 35 kwenye tairi la 54 akiweka hiyohiyo kwenye la 38, atagonga ringi siku ya kwanza. Kwa mtu wa kilo 70 hivi kwenye tairi la 38 au 40, anzia psi 50 hadi 60, mbele pungufu kidogo kuliko nyuma, kisha rekebisha kwa jinsi unavyosikia barabara. Usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi, wala cha ringi kama kimeandikwa. Fuata kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Ringi za kisasa ambazo kuta zake zimenyooka bila ndoano ya ndani hazipaswi kuvuka bar 5, yaani psi 72, na kabla ya kununua tairi la kufunga humo hakikisha mtengenezaji wake amelikubali kwa ringi za namna hiyo.

Baiskeli itashuka kidogo. Kutoka 54 kwenda 38, inashuka milimita 16, na kwenye kona kali pedali ya ndani inaweza kugusa chini, basi iinue. Kama una kifaa cha kupima mwendo, kibadilishie mzingo wa gurudumu: kwa inchi 26 unatoka takriban milimita 2095 kwenda 1995. Usipobadilisha, kitakuonyesha kilomita 100 wakati umeenda 95.

Mambo yakienda kombo

*Tairi limeisha upepo ndani ya dakika chache.* Toa tyubu, ijaze, izamishe kwenye maji. Ukiona matundu mawili madogo yanayokaribiana, yalitokana na leva au upepo mdogo. Tundu likiwa upande wa ndani, unaotazama ringi, kosa liko kwenye utepe. Likiwa upande wa nje, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi utafute mwiba au kipande cha waya, maana ukiziba bila kukitoa, kitatoboa tena.

*Gurudumu linaruka likizunguka.* Ukingo haujapanda sawa. Toa upepo, paka maji ya sabuni palipozama, jaza tena hadi karibu na kiwango cha juu. Mara nyingi utasikia mlio mdogo ukingo unaporuka mahali pake. Likiendelea kuyumba kulia na kushoto huku mstari ukiwa sawa, tatizo ni spoku za ringi, tairi halina kosa.

*Valvu imelala upande.* Tyubu imeteleza ndani. Toa upepo karibu wote, shika tairi kwa mikono miwili ulizungushe kidogo kwenye ringi hadi valvu isimame. Ukipanda hivyohivyo, shingo ya valvu itachanika.

*Breki zinagusa upande mmoja baada ya kurudisha gurudumu.* Karibu kila mara ni ekseli haijakaa sawa. Fungua, simamisha baiskeli kwa magurudumu yake ili uzito uishushe ekseli mahali pake, kaza tena. Usianze kuchezea skrubu za breki kabla ya hapo.

*Tairi halikuwa na tyubu tangu mwanzo, ndani kuna maji ya gundi.* Futa yote kwa kitambaa chenye maji, fungua nati ya valvu iliyo kwenye ringi na uitoe, kisha endelea na tyubu kama kawaida. Utepe uliopo uache ulivyo kama uko mzima.

*Baiskeli inateleza kwenye mchanga na matope.* Hilo huwezi kulirekebisha kwa pampu. Tairi laini halina meno ya kung'ata udongo. Kwenye mchanga punguza mwendo kabla ya kuingia, usikate kona ghafla, na breki ya mbele iguse kwa upole.

Baada ya safari ya kwanza, hata iwe ya kilomita tano, pima upepo tena na uzungushe kila gurudumu utazame ule mstari karibu na ringi.